Humphrey Bogart na majina yenye hayakuandikwa ku afishi

Kule Kibati, mu nyumba ndogo ya mbao kwenye tunafanyia mikutano ya sendika, kuko afishi moja ku ukuta. Haiko afishi ya kweli. Ni fotokopi ya rangi yenye tulitosha Goma, na jua limeanza kula rangi yake. Inaonyesha nyuso mbili, ya mwanaume na ya mwanamuke, na majina mawili kwa herufi kubwa: Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Jina la filme ni The African Queen, yenye wasomaji wa Kifaransa wanajua kama L'Odyssée de l'African Queen.

Vijana wenye wanatoka mu mashimo, wakifika mara ya kwanza, wanaangalia ukuta na kushangaa. Wanaona liste ya michango, wanaona kalendari, na katikati wanaona muzungu. Wanauliza huyu ni patron gani. Tunawajibu kama hakuwa patron. Alikuwa mufanyakazi wa sinema, tena mwenye kulipwa vizuri sana, na ile filme waliichezea humu mu Congo yetu, mwaka 1951. Leo tunataka kueleza maisha yake toka mwanzo mupaka mwisho, kwa sababu kuko jambo ndani yake lenye linatuhusu sisi watu wa mine.

Mutoto wa muchoraji

Humphrey DeForest Bogart alizaliwa New York siku ya Noeli, tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1899. Baba yake, Belmont Bogart, alikuwa munganga. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa muchoraji mwenye jina kubwa. Alikuwa anachora watoto juu ya vitabu, kalendari na matangazo, na kazi ile ilikuwa inamuletea makuta kupita za bwana yake. Alimuchora pia mutoto wake mwenyewe, na picha ikatumika kutangaza chakula cha watoto wachanga. Ni vile uso wa Bogart uliingia ku karatasi ya biashara mbele mwenyewe ajue kutembea. Mutu mwenye anakusanya afishi za zamani anaweza kusema kama afishi ya kwanza ya Bogart ilitoka ku mukono wa mama yake.

Wazazi walitaka awe munganga. Walimuweka ku masomo ya watu wakubwa, Phillips Academy, na masomo ikamufukuza mu 1918. Akaingia mu jeshi la majini la Marekani wakati vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inaelekea mwisho. Aliporudi hakuwa na diplome, hakuwa na ufundi. Rafiki za jamaa wakamupatia kazi ya tiatro: kwanza nyuma ya pazia, kupanga vitu na watu, kisha akaanza kupewa nafasi ndogo za kijana wa matajiri mwenye nguo safi.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Tiatro nyingi zilifungwa na wachezaji wakabaki mu barabara. Bogart alienda California kutafuta sinema, haikushika, akarudi New York. Mu 1934 baba yake akafa na kuacha madeni. Mutoto akachukua madeni ile na kuilipa, hata kama yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu wengi wanafikiri kama watu wa afishi walizaliwa ku afishi. Hapana. Huyu alikuwa na miaka 34, alikuwa ameoa mara mbili, na hakukuwa mutu mwenye alijua jina lake inje ya tiatro za New York.

Mukono wa mwenzake

Mu 1935 alipata nafasi ya mwizi mwenye bunduki mu mchezo wa tiatro, The Petrified Forest. Nyota wa mchezo ule alikuwa Leslie Howard, Mwingereza. Mchezo ukapendwa, na studio ya Warner Bros. ikanunua haki ya kuufanya filme. Studio ilimutaka Leslie Howard, lakini ku nafasi ya mwizi ilitaka kuweka mutu mwenye jina, Edward G. Robinson. Bogart ilikuwa imemusahau.

Leslie Howard njo aliukata muzizi wa fitina. Alipeleka neno kwa wakubwa wa studio: bila Bogart, yeye pia hachezi. Studio ikainama. Filme ikatoka mu 1936, na toka siku ile Bogart hakukosa tena kazi mupaka kufa kwake. Leslie Howard alikufa mu 1943, ndege ya raia yenye alikuwa ndani ilipigwa na ndege za Wajerumani juu ya bahari. Miaka 9 kisha, Bogart alipopata binti, alimuita Leslie.

Sisi wa sendika tunapenda sana kipande hiki. Mutu mwenye nguvu alisimama juu ya mwenye hakuwa na nguvu, na alifanya vile wakati yeye mwenyewe alikuwa na kitu cha kupoteza. Mengine yote yenye tunaita mshikamano ni kurudilia kipande hiki kwa watu wengi.

Mukataba wa studio

Watu wanafikiri kama Hollywood ya miaka 1930 na 1940 ilikuwa paradiso. Kwa watu wa studio ilikuwa zaidi kama kampani ya mine. Studio ilikuwa na viwanja vyake, mafundi wake, na mara nyingi hata nyumba zake za sinema. Muchezaji alitia sinyatiri ku mukataba wa miaka mingi. Studio njo ilichagua filme. Mwenye kukataa alisimamishwa bila mushahara, na siku zenye alisimamishwa ziliongezwa ku mwisho wa mukataba. Ni kusema mutu alikuwa anaweza kufungwa hapo bila kuona mwisho.

Wachezaji walianzisha sendika yao, Screen Actors Guild, mu 1933. Ilichukua miaka 4 ya kubishana mbele studio kubwa ziitambue, mu 1937. Na ile mambo ya kuongeza siku ilivunjwa na mwanamuke, Olivia de Havilland, mwenye alipeleka Warner Bros. ku tribinali na kushinda mu 1944. Kisha pale, mukataba wa miaka 7 ulikuwa miaka 7 ya kalendari, basi.

Bogart aliingia mu mashine ile kwa mlango wa chini. Warner ilimuchezesha filme moja nyuma ya ingine, mara mingi mwizi, mara mingi anapigwa risasi mbele filme imalizike. Alinungunika, alikataa nafasi zingine, akasimamishwa. Ukitafuta afishi za miaka ile, utamuona pembeni, kichwa kidogo nyuma ya mabega ya wengine. Ku afishi, nafasi ya jina na ukubwa wa herufi viliandikwa mu mukataba. Ilikuwa sehemu ya mushahara.

Mu 1941 mambo ikaanza kugeuka. George Raft, nyota mukubwa kupita yeye, alikataa filme High Sierra, na Bogart akaichukua. Ni yeye njo alibeba filme yote, lakini jina la kwanza ku afishi likawa la Ida Lupino. Mwaka ule ule Raft alikataa tena ingine, The Maltese Falcon, kwa sababu ilikuwa kazi ya kwanza ya kijana moja mwenye hakuwa amekwisha ongoza filme, John Huston. Bogart akakubali. Filme ilifanya jina la wote wawili, na wakabaki marafiki mupaka kifo.

Hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. The Maltese Falcon ilitoka Marekani mu mwezi wa 10, 1941. Miezi 2 kisha, tarehe 9 mwezi wa 12, wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga walikuwa wamegoma kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, juu ya mushahara. Walikusanyika mu uwanja wa mpira, na askari wa wakoloni wakafyatua. Musemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale. Ilikuwa wakati wa vita, na dunia ilikuwa inataka shaba ya Katanga. Jina la Bogart lilikuwa linapanda ku ukuta wa muji kila muji wa Marekani. Jina la Mpoyi halikuandikwa ku ukuta wowote. Hatusemi kama Bogart ana kosa, pengine hakujua hata kama Katanga iko wapi. Tunasema tu kama miaka ni ileile, na karatasi ya dunia haikuwatosha wote.

Karatasi ya kutupwa

Kisha ikakuja Casablanca, mwishoni mwa 1942. Bogart alicheza mwenye baa, mutu mwenye anasema kama haingilii mambo ya mutu, na mwishoni anaingilia. Ingrid Bergman alikuwa mwanamuke wa filme. Wengi wa wachezaji wadogo walikuwa wakimbizi wa kweli, watu wenye walikimbia Hitler. Sisi wa Kibati, kwenye kambi za wakimbizi zimepandwa na kubomolewa mara nyingi kando ya barabara ya Rutshuru, tunaelewa ile filme bila kuelezwa.

Afishi ya Casablanca ilitengenezwa na kijana wa miaka 21, Bill Gold, mwenye alikuwa ameanza kazi karibuni tu. Alipanga nyuso za wachezaji, na wakubwa wakamwambia iongezwe moto kidogo. Akamutia Bogart bastola mu mukono, akaitosha mu picha ingine. Ni vile ilikuwa. Bill Gold aliendelea kufanya afishi za sinema kwa miaka karibu 70.

Sasa, afishi ile ilikuwa kitu gani wakati ule? Ilikuwa karatasi ya kutupwa. Afishi ya kawaida ya Marekani ilikuwa na upana wa santimeta 69 hivi na urefu wa 104. Ilikunjwa mara 3, ikatumwa ku posta, ikapandishwa mbele ya sinema wiki moja. Kampani moja, National Screen Service, njo ilikodisha afishi kwa sinema nyingi, na chini ya karatasi iliandikwa kama ni mali yake, irudishwe. Sinema ya kwanza iliirudisha, ikaenda ku muji mwingine, ikapasuka, ikafika mwisho wake. Zingine zilibandikwa juu ya zingine. Wakati wa vita karatasi ya zamani ilikusanywa kwa kazi ya vita, na afishi nyingi zikaenda mule.

Njo maana zenye zimebaki ni chache, na njo maana leo watu wanazitafuta sawa vile wengine wanatafuta zahabu. Mu 2017, kule Dallas, afishi ya Kiitalia ya Casablanca iliuzwa dola 478 000. Tusome vizuri: ni karatasi moja, yenye haikuuzwa kwa mutu wakati ilitoka. Ilikuwa inatundikwa bure.

Mwenye kukusanya afishi anajifunza kazi ya kuangalia. Kwanza anapima, kwa sababu fotokopi nyingi zinakosea santimeta moja ao mbili. Anatafuta alama za kukunjwa, kwa sababu afishi ya miaka ile yenye haikukunjwa inaleta mashaka. Anaangalia rangi na kioo cha kukuza: ya zamani na ya siku hizi hazichapwi namna moja. Mwishoni anashuka chini kabisa, kwenye herufi ndogo. Pale National Screen Service iliandika mwaka na namba ya filme, na kama kuko herufi R, ni kusema filme ilirudishwa mu sinema miaka kisha, na afishi haiko ya kwanza. Casablanca ilirudishwa vile mu 1949. Mwenye kuangalia nyuso tu anadanganywa. Ukweli wa karatasi uko chini.

Safari ya Washington

Mu 1944 Bogart alikutana na Lauren Bacall mu filme To Have and Have Not. Yeye alikuwa na miaka 44, mwanamuke alikuwa na 19. Walioana mu 1945, ndoa yake ya 4 na ya mwisho, na wakazaa watoto wawili. Wakati ule Bogart alikuwa kati ya wachezaji wenye kulipwa zaidi mu dunia.

Mu mwezi wa 10 wa 1947, komite ya bunge la Marekani ilianza kuita watu wa sinema na kuwauliza kama ni wakomunisti. Watu 10 walikataa kujibu. Bogart, Bacall, Huston na wengine walipanda ndege, wakaenda Washington kusema kama serkali haina haki ya kumuuliza mutu mawazo yake. Ilikuwa tendo la ushujaa. Magazeti yakapiga picha.

Kisha magazeti yakageuka. Studio zikaogopa, na mwezi wa 11 zikatangaza kama wale 10 hawataajiriwa tena. Bogart naye akaogopa. Alisema kama safari ile haikuwa ya akili, na mu 1948 alitia jina lake ku makala ya gazeti moja la sinema, kueleza kama yeye haiko mukomunisti. Wale 10 walienda mu gereza, na wengine mamia wakapoteza kazi.

Tumeongea sana juu ya kipande hiki mu mikutano yetu. Kuko wenye wanasema tumutoshe ku ukuta. Sisi tunafikiri abaki. Leslie Howard alimubeba, na yeye, zamu yake ilipofika, alibeba hatua moja na kutua muzigo. Kati yetu ni nani hajaona vile? Kamaradi anasema kwa nguvu mu mukutano, patron anamuita mu biro, na kesho yake anapita kando. Tukifukuza kila mwenye aliogopa mara moja, hatutabaki na mutu. Lakini tusiseme pia kama hakuogopa. Maisha ya mutu inaelezwa yote.

Muto Ruiki, 1951

Sasa tunafika kwetu. Kitabu The African Queen kiliandikwa na Mwingereza C. S. Forester mu 1935. Kinaeleza vita ya 1914 mu Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Bogart anacheza Charlie Allnut, fundi mwenye mashua ya muvuke, mwenye kupeleka posta na vitu vya mine. Baruti ya kupasulia mawe, yenye ilikuwa ya kazi ya mine, njo anageuza silaha ya kupiga bato la vita la Wajerumani ku ziwa.

Bato ile ina mizizi ya kweli. Wajerumani walikuwa na bato Graf von Goetzen ku ziwa Tanganyika, yenye ilitengenezwa Papenburg, ikavunjwa vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa. Waliizamisha wenyewe mu 1916, Waingereza wakaitosha ndani ya maji, na toka 1927 inaitwa Liemba. Na huyo von Götzen ni nani? Ni Mujerumani mwenye alipanda Nyiragongo mu 1894, muzungu wa kwanza kufika juu, na kisha akawa gavana kule Dar es Salaam wakati wa vita ya Maji Maji. Watalii walikuwa wanaanza kupanda mulima ule hapa Kibati, wakiwa na wabeba mizigo. Yeye pia alipanda na wabeba mizigo. Jina lake liko mu vitabu na lilikuwa ku bato. Majina ya wenye walimubebea, tuache.

Waingereza kwa upande wao walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, toka Cape Town kupitia Katanga mupaka ku ziwa, mu 1915. Walizivuta juu ya milima kwa mashine za muvuke, ng'ombe na mikono ya watu wa inchi hii.

John Huston alitaka filme ichezewe mu Afrika ya kweli, na kwa rangi, wakati kamera ya rangi ilikuwa nzito na kubwa. Alichagua muto Ruiki, maji meusi karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, kusini ya Kisangani. Mbele wazungu wafike, kambi ilijengwa pale Biondo mu pori, kwa miti na majani. Wakongomani njo waliijenga. Ni wao walifungua njia, walibeba masanduku, walipika, walifua, waliteka maji. Ku muto, mashua na majukwaa ya kamera na taa yalifungwa moja nyuma ya ingine na kuvutwa sawa treni. Siku moja ile African Queen ilizama. Haikukuwa mashine ya kuitosha. Iliitoshwa kwa kamba na kwa mikono. Siafu waliingia mu kambi usiku. Maji iliwagonjesha karibu wazungu wote. Bogart na Huston walijisifu kama whisky njo iliwaponyesha. Hepburn, mwenye alikunywa maji, aliumwa sana.

Bogart hakupenda hata siku moja ile kazi. Alikuwa mutu wa muji na wa bahari, alitaka kurudi ku mashua yake Santana kule California. Alilalamika juu ya joto, wadudu na chakula. Bacall alimufuata na kumusaidia. Lakini alipofika mbele ya kamera aliacha kulalamika. Alikubali kuwa mutu muchafu, muoga, mwenye ndevu, mwenye anachekesha, mwenye anavuta mashua ndani ya matope na shingo yake. Alicheza mufanyakazi. Kisha Congo walienda Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison, na sehemu zingine za maji wakazimaliza London.

Filme ilitoka mwishoni mwa 1951. Mu mwezi wa 3, 1952, Bogart akapewa Oscar ya muchezaji bora, ya kwanza na ya mwisho ya maisha yake.

Mukongomani mwenye alivuta kamba ile kule Biondo, je, aliweza kuona filme? Wakati wa wakoloni Mukongomani hakuingia sinema ya wazungu, na filme za kwake zilipita kwanza mu mikono ya komisyo ya kukata na kukataza. Hata vile vijana walijua Hollywood: Léopoldville ya miaka 1950 ilijaa Bills, wenye walijivalisha sawa cowboy wa filme. Kwa hiyo afishi zilisomwa na watu wenye hazikutengenezwa kwa ajili yao. Lakini hakuna afishi ya African Queen yenye jina la mutu wa Ubundu.

Mwisho, na daftari

Bogart alicheza tena miaka chache. Sigara na pombe havikumuacha. Mu 1956 walimupasua juu ya kansa ya njia ya chakula, na alikufa tarehe 14 mwezi wa 1, 1957, na miaka 57. Huston alisema neno la kumuaga. Mashua ya filme, yenye ilitengenezwa Uingereza mu 1912, iko leo Florida, na watalii wanalipa kuipanda.

Kuko mwenye atauliza kama sendika ya mine haina kazi ya kufanya, mupaka iandike juu ya afishi za Marekani. Jibu letu ni hili. Wenye wanakusanya afishi walielewa jambo lenye sisi hatujaelewa: karatasi yenye leo haina bei, kesho njo ushahidi. Waliokota takataka za sinema, wakazikunjua, wakazibandika juu ya kitambaa ili zisipasuke, na leo tunajua jina lilikuwa wapi, mwaka gani, na ukubwa gani. Sisi, shimo likianguka, jamaa zinakuja kuuliza nani alikuwa ndani, na hakuna daftari. Tumeiona kwa macho yetu. Tulihesabu watu kwa viatu vyenye vilibaki inje. Kwa mwenye shimo, bei ya muchanga ilikuwa imeandikwa mupaka kilo ya mwisho. Majina hayakuwa.

Tena hapa kwetu hata karatasi yenye imeandikwa haina usalama. Mu mwezi wa 5 wa 2021, Nyiragongo iliposhuka, watu walikimbia na watoto na godoro, wakaacha karatasi zote mu nyumba. Moto ulichukua.

Kwa hiyo, toka mwaka juzi, kila timu yenye inashuka inaandika majina mbele ya kushuka: jina, baba, kijiji, namba ya shimo, siku. Daftari iko mu mufuko wa plastiki, inatundikwa ku musumari, karibu na mlango, ili mwenye atatoka wa mwisho aichukue. Musumari ule uko chini kidogo ya afishi ya Bogart, pale kwenye mukusanyaji anaangalia mwishoni.